"Tumalizane Hapa Hapa": Nusu Saa ya Kwanza Baada ya Ajali

BARAKA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo namwachia Mwanaidi aanze, maana jambo lenyewe limemkuta yeye.

MWANAIDI: Asante Baraka. Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za saa hizi. Ilikuwa jioni, natoka Tegeta, nakata kushoto kuingia sheli. Indiketa nimewasha, kioo cha kushoto sikuangalia. Bodaboda alikuwa anapita upande huohuo. Nikasikia puu! ya mlango.

BARAKA: Pole sana dada.

MWANAIDI: Nimeshapoa. Nilishuka mikono inatetemeka hadi simu ikanidondoka mara mbili. Kijana amekaa kwenye lami, vipande vya taa vimetapakaa, ndara yake moja iko chini ya gari langu. Akainuka mwenyewe, akajipangusa suruali, akasema, "Mama, mimi niko salama, nipe tu hela ya taa." Watu walishajaa: "Mama mpe chake, mmalizane hapa hapa." Nikamrushia elfu themanini kwenye simu. Tukapeana mikono, nikaondoka.

BARAKA: Picha hukupiga?

MWANAIDI: Hata moja. Namba ya pikipiki sikuandika. Kesho yake alfajiri nikapigiwa na kaka yake. Bandama ilikuwa imepasuka, damu imevujia tumboni usiku kucha. Alhamdulillahi, alifanyiwa upasuaji akapona. Ila hebu fikiria: mtu yuko wodini, polisi hawana taarifa ya ajali yoyote, na mimi kisheria ni dereva aliyegonga mtu akaondoka bila kuripoti. Wakati moyoni nilijua nimefanya ubinadamu!

BARAKA: Na ndiyo maana tumeona tuizungumzie. Ile "niko salama" ya dakika ya kwanza si ya kuamini, hata ukiisema wewe mwenyewe. Mwili ukipata mshtuko unaficha maumivu. Tumbo na kichwa vinaweza kuonyesha dalili baada ya saa kadhaa, wakati mwingine siku ya pili. Mtu akianza kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kichwa kumuuma zaidi badala ya kupungua, au tumbo kuwa gumu, ni hospitali moja kwa moja.

MWANAIDI: Turudi kwenye lami yenyewe. Gari limesimama, moyo unadunda. Mtu anafanya nini?

BARAKA: Zima injini, washa taa za hatari, na uangalie nyuma kabla ya kufungua mlango. Wengi wameshuka salama kwenye ajali ya kwanza wakagongwa na gari lililofuata. Weka pembetatu ya tahadhari mbali, si hatua tatu kutoka kwenye bampa. Kwenye barabara kuu, kama Chalinze kule, lori halisimami kirahisi, kwa hiyo hesabu hatua mia na zaidi. Huna pembetatu? Kata matawi kama wanavyofanya madereva wa malori, uyapange barabarani. Kila dereva wa nchi hii akiona majani kwenye lami anajua mbele kuna jambo.

MWANAIDI: Na kama lililoanguka ni lori la mafuta?

BARAKA: Hapo kimbia, wala usigeuke. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu, moto ukalipuka. Walifariki zaidi ya watu 100. Miaka kumi nyuma, Januari 2009, Kenya walipata msiba wa namna hiyohiyo pale Sachangwan. Petroli inatoa mvuke usiouona, na cheche moja ya betri au ya pikipiki inayowashwa inatosha.

MWANAIDI: Mungu awarehemu. Sasa majeruhi. Sisi tukimwona majeruhi tunamvuta mikono na kumpa maji.

BARAKA: Kwa huruma kabisa, na tunamuumiza. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alipo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, kwa sababu shingo ikiwa imevunjika, kumvuta ndiko kunakompooza. Maji usimpe, anaweza kupaliwa, na huenda anaingia chumba cha upasuaji. Damu inayotoka, gandamiza kwa kitambaa safi, kanga inafaa sana, usiachie kila dakika kuchungulia. Dereva wa bodaboda anayepumua vizuri usimvue kofia ngumu kwa nguvu. Wakati huohuo mwingine anapiga 112 polisi, na 114 zimamoto kama kuna moto au mtu amebanwa.

MWANAIDI: Picha ndizo zinaniuma hadi leo.

BARAKA: Majeruhi akishapata mtu wa kumshika, piga picha kabla magari hayajasogezwa. Ya mbali inayoonyesha barabara nzima, alama za breki, vioo vilipomwagikia. Kisha ya karibu: namba za magari, palipobonyea, leseni ya mwenzako. Chukua namba za mashahidi wawili watatu, tena upesi. Muuza mihogo aliyeona kila kitu, baada ya robo saa ameshahama na sinia lake.

MWANAIDI: Na maneno mdomoni? Maana mimi nilishuka nasema, "Nisamehe, kosa langu."

BARAKA: Pole mpe, msaidie kwa nguvu zako zote. Lakini nani mwenye kosa, mwachie trafiki apime na kuchora ramani ya ajali. Mikataba mingi ya bima inakukataza kukiri kosa au kulipana na mtu bila wao kujua.

MWANAIDI: Nililijua hilo kwa machozi. Nilipokwenda kudai, elfu themanini zangu ziliulizwa maswali kuliko ajali yenyewe.

BARAKA: Na wasikilizaji wengi hawajui bima yao inafanya nini. Bima ndogo inamhusu yule uliyemgonga. Gari lako utatengeneza mwenyewe. Bima kubwa ndiyo inayogusa na gari lako. Kwa vyovyote, wajulishe mapema, na usipeleke gari gereji kunyooshwa bodi kabla polisi hawajalikagua na mtathmini wa bima hajaliona. Ukishanyoosha, ushahidi umekwisha. Ya mwenzako nayo ihakiki: chukua namba ya gari, ingia TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kwenye simu, utaona kama bima yake ni hai.

MWANAIDI: PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, tusiisahau.

BARAKA: Aliyeumia anaihitaji, polisi ndio wanaoitoa na daktari anaijaza. Bila hiyo, kudai fidia baadaye ni kupanda mlima. Ila anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza, ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Usimlaze mtu kwenye benchi la polisi akisubiri fomu. Wasikilizaji wetu wa Kenya, kwenu mtasikia P3 na abstrakti ya polisi. Majina tofauti, kazi inafanana.

MWANAIDI: Mimi na kaka wa yule kijana tulikwenda kituoni pamoja siku ileile aliyonipigia. Nilikuwa naogopa hadi magoti yanalegea. Nikaandika maelezo yote, pamoja na kwamba sikuangalia kioo. Kilichonisaidia ni ule ujumbe wa muamala wa simu: una saa, tarehe na jina lake. Ndiyo karatasi pekee niliyokuwa nayo.

BARAKA: Na siku hizi gari lako limebeba nini?

MWANAIDI: Pembetatu mbili, glavu, kanga safi iliyokunjwa, daftari na kalamu inayoandika, maana nina tabia ya kutunza kalamu zilizokauka. Nakala ya bima na kadi ya gari ziko kwenye droo ya mbele. Na yule kijana tunapigiana simu. Amerudi kazini, ila mizigo mizito habebi tena. Nikifika pale sheli naangalia kioo cha kushoto, halafu nageuza na shingo kabisa.