Ukiona Mfalme wa Kimaya Anasimulia Sana, Jua Kiti Kinayumba

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo tunaongelea Wamaya, hawa wa kusini mwa Mexico, Guatemala, Belize hadi Honduras, na hoja yangu naitoa mapema ili mnibane vizuri baadaye: mfalme wa Kimaya akianza kuchonga habari za kuumbwa kwa dunia kwenye mawe yake, we chunguza aliingiaje madarakani. Mara nyingi utakuta kuna walakini.

Wamaya hawakuwa na dola moja. Ilikuwa miji mingi, kila mmoja na ukoo wake wa kitawala, na wakubwa wao walijiita k'uhul ajaw, bwana mtakatifu. Kwenye sherehe anavaa kama mungu wa mahindi, mkononi kashika sanamu ya K'awiil, mungu wa radi mwenye mguu mmoja wa nyoka. Na damu inatoka kweli. Pale Yaxchilán kuna jiwe la juu ya mlango, Bibi K'abal Xook mke wa mfalme anapitisha kamba yenye miiba kwenye ulimi wake, mume kasimama na mwenge anammulikia, tukio lenyewe ni la mwaka 709. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida kwa mabwana na mabibi wote.

Sasa Palenque. Mwaka 611 mji unavamiwa na watu wa ukoo wa Nyoka kutoka Calakmul, mambo yanavurugika, halafu 615 anatawazwa mtoto wa miaka 12, Pakal. Tatizo ni moja, baba yake hakuwa mfalme. Kiti kilikuja kwa upande wa mama, Sak K'uk', na ukiangalia jiwe la pale ikulu ni mama ndiye anampa mtoto taji, baba hayupo kabisa kwenye picha. Kwa watu waliohesabu ukoo kwa baba hilo ni swali zito. Wakajibuje? Kwenye orodha ya watawala, kabla tu ya Pakal, mtawala anaitwa Muwaan Mat, na hilo ndo jina la mungu aliyezaa miungu mitatu ya mji ule! Watafiti wengi wanaona huyo ni mama mwenyewe kapewa jina la mungu. Yaani ukisema mama hana haki ya kurithisha, umeshagombana na aliyewazaa miungu wenu, kazi kwako.

Mtoto wa Pakal, Kan Bahlam, akamalizia kazi, mwaka 692 akazindua mahekalu matatu, kila mungu na lake, na maandishi yanaanzia kuzaliwa kwa Muwaan Mat kabla ya mwaka 3114 KK, ambapo kalenda yao inaanza zama hizi, yanashuka taratibu tarehe kwa tarehe hadi kwake yeye mwenyewe. Na kwenye hekalu alilozikwa Pakal wamehesabu mbele mpaka mwaka 4772, kwamba hata wakati huo kutawazwa kwake kutakumbukwa. Kujiamini huko mimi nakuona kama wasiwasi uliovaa nguo nzuri.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Quiriguá, kamji kadogo kaliko chini ya himaya ya mji wa Copán. Mwaka 724 mfalme wa Copán, Waxaklajuun Ubaah K'awiil, anamsimika K'ahk' Tiliw pale. Mwaka 738 huyohuyo aliyesimikwa anamkamata bosi wake na kumkata kichwa, biashara imeisha. Sasa anatawala kwa haki gani, maana aliyempa cheo kamuua? Anasimamisha mawe makubwa ajabu, moja la 771 lina zaidi ya mita 10, na kwenye lingine la 775 anaandika siku ya kwanza ya zama, miungu inapanga mawe matatu, ni mafiga, yaleyale ya jikoni, na dunia inaanzia hapo. Mwanzo wa dunia sasa umeandikwa kwake, Copán haumo. Na Copán nao hawakunyamaza: miaka ya 750 wakamaliza ngazi yenye alama za maandishi zaidi ya 2,000 kutaja mababu wao wote, na kuhusu yule aliyechinjwa wanasema alikufa vitani kishujaa. Mnaona? Kila upande na toleo lake.

Sisemi mfalme aliyetulia hakusimulia, alisimulia sana tu. Ila kurudi nyuma maelfu ya miaka namna ile, kwa tarehe, naona kunawafuata wenye deni la maelezo.

Nimalizie na Wak'iche', Wamaya wa milimani Guatemala. Mhispania mvamizi Pedro de Alvarado aliuchoma mji wao mkuu, Q'umarkaj, mwaka 1524. Miaka ya 1550 wazee wa koo za watawala wao wanakaa chini, wanaandika kwa herufi za Mhispania kitabu cha Popol Vuh: inaanza na uumbaji, inapita kwa mapacha Hunahpu na Xbalanque wanaowashinda mabwana wa Xibalba huko kuzimu, halafu inaishia kwenye majina, kizazi kwa kizazi, ya mabwana wa K'iche' hadi wale waliokuwa chini ya Wahispania. Haya, mkono nimeuona pale kulia, uliza.