Ninachofundisha Ujerumani ni KUKATA miti | Naongea nikiwa Kayenze, Mwanza

Mwangaluka! Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Leo hamnioni na koti zito, niko likizo nyumbani, hapa Kayenze kwa mama mkubwa. Kelele mnazosikia ni mitumbwi inarudi, na huo moshi usiwatishe, ni mama mkubwa na jiko lake la kubanikia samaki. Tutalifikia.

Swali mnaloniuliza kila siku: "Dada, huko unafundisha nini hasa?" Nikijibu misitu, jibu ni lilelile: "Ahaa, kupanda miti, safi sana." Juzi mjomba kanitania mbele ya wageni kwamba mtoto kavuka bahari kwenda kusomea miche. Nikacheka na mimi. Lakini mjomba, ukiwa unatazama, sikiliza: kupanda ni kipande kidogo sana cha kazi yangu. Muda mwingi nafundisha watu kukata.

Nipo Tharandt, kamji kadogo bondeni, karibu kilomita 15 kutoka Dresden, mashariki mwa Ujerumani. Mtaalamu wa misitu Heinrich Cotta alihamishia shule yake pale mwaka 1811, mwaka 1816 ikawa chuo cha mfalme wa Saxony (leo ni jimbo la Ujerumani), na leo ni tawi la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden. Ukitoka darasani, hatua chache tu umeshaingia msituni.

Ukipanda treni ukaendelea mbele kidogo unafika Freiberg, mji wa machimbo ya fedha tangu enzi hizo. Watu wa Geita mtanielewa haraka hapa. Kila shimo lilitaka magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, yale mnayoita matimba, maana bila matimba duara, yaani shimo la mgodi, halishuki. Na matanuri ya kuyeyushia mawe yalikula mkaa usiku na mchana. Milima ikabaki uchi. Mkuu mmoja wa migodi, Hans Carl von Carlowitz, mwaka 1713 akachapisha kitabu kinene ambacho hoja yake kubwa ni nyepesi: usikate kwa mwaka kuzidi kile ambacho msitu umeotesha. Hapo ndipo Wajerumani wanapouwekea mizizi usimamizi endelevu wa misitu. Kinachonifurahisha ni kwamba huyu bwana hakuwa mtetezi wa vipepeo. Alikuwa mtu wa migodi mwenye hofu ya kuishiwa kuni. Msukuma mwenye ng'ombe angemwelewa bila kufungua ukurasa hata mmoja: unauza madume, mitamba unaiacha zizini.

Sasa somo lenyewe. Tuna kiwanja msituni cha hekta moja. Kila mti una namba, umepimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, umepimwa urefu, na imeandikwa una nini: tundu la ndege, tawi kavu, ufa, ukungu. Wanafunzi wanagawanywa vikundi, kila kikundi na tableti yake, wanaambiwa: chagueni miti ya kukata. Hakuna msumeno siku hiyo, ni kuchagua tu. Wakimaliza, programu inawaonyesha watauza mbao kiasi gani, mwanga utaingia wapi, msitu utabaki na nini, viumbe gani wamepoteza makazi.

Hapo ndipo vita inaanza. Kuna mti mmoja mnene, umenyooka, sokoni una bei kuliko jirani zake wote, na juu una tundu la kigong'ota. Kikundi kimoja wameukata, cha pili wameuacha kama mfalme, cha tatu wameukata halafu wanatafuta sababu. Mimi sisemi nani kapatia. Namuuliza aliyekata: chini ya huu mti kuna mche gani unaosubiri jua? Kama hajaangalia chini, arudi akaangalie. Ikolojia ya misitu kwa sehemu kubwa ni hiyo, kujua nani anasubiri nafasi ya nani.

Na msidhani Wajerumani hawakosei. Kwa vizazi walipanda miti ya sprusi, ndugu wa misindano yetu ya shamba la Sao Hill kule Iringa, aina moja, umri mmoja, mistari kama kwaya. Ilileta hela kweli. Ukame wa 2018 hadi 2020 ulipopiga, miti ikakosa utomvu wa kujikinga, mbawakawa wadogo wa magome wakaimaliza. Milima mizima ya Harz ikawa ya kijivu. Sasa wanahangaika kuchanganya na miti ya majani mapana.

Turudi nyumbani. Kila tarehe 1 Aprili tunapanda miti, tunapiga picha. Agizo ni kila halmashauri ipande miche milioni 1.5 kwa mwaka. Sina ugomvi na miche. Ugomvi wangu ni kwamba mwakani hakuna anayerudi kuhesabu iliyopona, na ukiuliza mti huu utakatwa lini, na nani, kwa kazi gani, unaonekana una roho mbaya. Mti usiokuwa na jibu la hayo maswali unakatwa na yeyote, usiku.

Ngoja niwasogezee kamera kwenye jiko la mama mkubwa. Mnaona yale magogo? Zamani ziwa hili lilijaa furu, na furu unamwanika juani kama dagaa, habari imekwisha. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akatawala ziwa miaka ya 1980. Sangara ana mafuta, jua halimkaushi vizuri, anaoza. Kwa hiyo ama kiwandani kwenye barafu, ama kukaangwa, ama moshi. Samaki alipobadilika majini, shoka likabadilika nchi kavu. Mwanafunzi wangu akiniletea insha ya misitu ya ukanda huu isiyotaja samaki, namrudishia. Mama mkubwa anasema kuni siku hizi zinatoka ng'ambo ya ziwa, na huyo anayezileta ndiye anayepanga bei.

Na hii si ya Kayenze tu. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ripoti yake ya 2015, ilionyesha nchi inaweza kuvuna mita za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka bila kula mtaji. Wakati huo tulikuwa tunatumia milioni 62.3. Carlowitz angeanguka kwenye kiti.

Lakini mimi nilipoulizwa darasani nitoe mfano wa usimamizi endelevu, sikutoa wa Saxony. Nilitoa ngitili. Vijana wa mjini: mvua zikianza, familia au kijiji kinafunga eneo, ng'ombe haingii. Kiangazi kikikaza wanafungua, tena kwa zamu, ndama na ng'ombe dhaifu kwanza. Anayevunja anakutana na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na faini yake. Nyasi zinapona, na visiki vinachipua. Miti yetu ya miombo haihitaji mche wa kitaluni. Mizizi iko hai chini, ukiikinga na mifugo na moto wa Septemba, inarudi yenyewe.

Ngitili nyingi zilikufa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 70, maana mtu na eneo lake walitenganishwa. Mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu hadi 2004, na akili yao ilikuwa kuwarudishia wenyeji sheria zao. Maelfu kwa maelfu ya hekta zikarudi kijani. Mwanafunzi mmoja kutoka Nepal akasema kwao wana kitu kinachofanana. Wajerumani wakaandika. Wakaniuliza nani analipia uzio. Nikawaambia hakuna uzio.

Mnaotaka kusoma: msikimbilie Ulaya kwanza. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, wanatoa shahada ya misitu, chuo cha misitu Olmotonyi kule Arusha kuna stashahada, na ukitoka hapo unajua miti yako. Tharandt kuna shahada ya uzamili ya misitu ya kitropiki kwa Kiingereza, na ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, uangalieni mapema, msisubiri wiki ya mwisho. Jinoeni kwenye hesabu. Wengi wanaangukia kwenye takwimu, si kwenye miti.

Mama mkubwa ananiita, sangara wa chini wanaungua na mimi ndiye niliyeachiwa kuwageuza. Kesho napanda meli kwenda Nansio, nataka kufika shamba la miti Rubya, Ukerewe, nione wanavunaje na wanapanda nini baada ya kuvuna. Wenyeji wa Ukerewe, mwenye bodaboda anayeijua njia ya Rubya anisubiri gatini.