Si uzee, ni mfupa unaoliwa

BAHATI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Bukavu na popote mlipo. Mimi Bahati, niko na Yaya Neema, ambaye mchana anatibu meno na jioni anakuja kukaa nami hapa. Yaya, leo nimekuja na jambo la nyumbani. Ni Mama.

NEEMA: Ana nini Mama?

BAHATI: Jumapili tulikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Unamjua Mama na sambaza, anazila na vichwa vyake. Safari hii nikamwona anazivunja kwa vidole, anaweka vipande nyuma kabisa ya kinywa. Nikamwuliza. Akalisukuma jino moja la mbele, la chini, kwa ulimi, likalala, likainuka. Akasema, "Ni uzee, mwanangu."

NEEMA: Pole, mdogo wangu. Lakini uzee peke yake haulegezi jino. Linalegea kwa sababu mfupa wa taya unaolishika umepungua. Wewe umekulia Kadutu: mvua ikila udongo chini ya nyumba ya mlimani, ukuta unapasuka, na ukuta wenyewe haukuwa na kosa. Jino la Mama linaweza kuwa zima kabisa, bila tundu hata moja.

BAHATI: Na huo mfupa unaliwa na nini?

NEEMA: Pitisha ukucha kwenye jino jioni kabla ya mswaki. Ile laini nyeupe inayobaki ni utando wa bakteria. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate yanaugeuza kuwa jiwe, ndio ukoga. Ukoga unakwaruza, si laini kama jino, kwa hiyo utando mpya unashika juu yake na kushuka chini ya ufizi. Mwili unapigana nao, fizi zinavimba, zinatoka damu. Mapigano yakidumu miaka, ni mwili wenyewe unaoanza kuyeyusha mfupa ulio karibu. Na mara nyingi hakuna maumivu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

BAHATI: Alitoka damu muda mrefu. Akaacha kupiga mswaki upande ule, asije akajiumiza.

NEEMA: Karibu kila mgonjwa ananiambia hivyo, na kila mara inaniuma. Pale panapotoka damu ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, taratibu, kwa mswaki laini. Mwaka 1965 huko Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Kabla wiki tatu hazijaisha, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Katika hatua hiyo unarudi mzima kabisa. Mfupa ukishaondoka, mswaki hauurudishi.

BAHATI: Wavuta sigara je?

NEEMA: Sigara inabana mishipa ya fizi, kwa hiyo damu inatoka kidogo. Mtu anajiona mzima huku mfupa unakwenda haraka kuliko wa mwingine.

BAHATI: Mama havuti. Ila mwaka jana alikwenda mahali, sitapataja, wakang'oa meno mawili, wakampa vidonge. Hakuna aliyetazama fizi.

NEEMA: Aisee. Kulegea peke yake si hukumu ya kung'oa. Kwanza unapima. Tuna kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinaingia kati ya jino na ufizi. Kwa mtu mzima wa afya kinazama milimita 1 hadi 3. Kikizama 5, 6 au zaidi, pana mfuko, na uchafu umekaa humo. Kisha radio, yaani picha ya eksirei, uone mfupa umebaki kiasi gani. Na vidonge peke yake havitibu, hata ukinunua amoksisilini kila mwezi. Uvimbe utashuka, lakini ukoga uko palepale, na baada ya muda mnaanza upya.

BAHATI: Kwa hiyo ni detartraji, kule kuondoa ukoga kwenye meno. Mama anaikataa. Jirani yake alifanyiwa, anasema meno yakalegea baada ya hapo.

NEEMA: Namwelewa jirani. Fikiria: ukoga umejaa kati ya meno kama saruji, umeyaunganisha. Ukiuondoa, meno yanaonyesha ulegevu uliokuwapo siku zote. Ufizi uliovimba nao unashuka, meno yanaonekana marefu, maji baridi yanachoma kwa wiki kadhaa. Tunapaswa kumweleza mtu haya kabla hajakaa kwenye kiti, na wengi wetu hatuelezi. Kwa ugonjwa wa Mama, tunasafisha na mizizi chini ya ufizi, kwa ganzi. Miezi kama mitatu baadaye tunapima tena. Ufizi ukishika vizuri, mfuko unafupika, na jino lililokuwa linayumba linaweza kutulia.

BAHATI: Na mfupa? Nimesikia unapandikizwa.

NEEMA: Unapandikizwa, ndiyo, lakini si kila mahali. Ikiwa mfupa umeliwa kama shimo jembamba lenye kuta, pandikizo linapata pa kushika. Ukiwa umeshuka wote sawasawa, kama maji ya ziwa wakati wa kiangazi, hapana. Hapo kazi yetu ni kulinda uliobaki. Na pale walipong'oa, taya linaendelea kusinyaa, hasa mwaka wa kwanza. Ndiyo maana sikimbilii koleo.

BAHATI: Nimlete lini?

NEEMA: Jumatano asubuhi. Ila kwanza apimwe sukari. Kisukari kinauchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zilizooza zinaifanya sukari iwe ngumu kutulia. Alete dawa zote anazomeza, ziwe kwenye mfuko hivyohivyo. Na tangu leo usiku arudishe mswaki upande ule aliouacha, damu itoke au isitoke.

BAHATI: Ataogopa. Swali lake la kwanza litakuwa kama utaling'oa lile la mbele.

NEEMA: Mwambie nitalipima kwanza.