Ushindi Mara Mbili Tu: Msimu wa 1971 wa Chuo Kikuu cha Marshall

Wazee wangu, shikamooni. Makocha wenzangu na wanachuo, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie msimu mmoja wa timu ya chuo, nami nimechagua ule ambao kwenye jedwali unaonekana dhaifu kabisa: mechi 10, kushinda mbili, kufungwa nane. Ni wa Chuo Kikuu cha Marshall, mjini Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani, mwaka 1971. Mchezo wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ule ambao mpira hubebwa mikononi.

Tarehe 14 Novemba 1970 timu hiyo ilifungwa 17 kwa 14 na East Carolina. Usiku huohuo, kukiwa na mvua na ukungu, ndege iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani iligonga miti kilimani karibu na uwanja wa ndege, ikaanguka. Walikufa wote 75: wachezaji 37, kocha mkuu Rick Tolley na wasaidizi wake, marubani na wahudumu, na mashabiki, wakiwemo madaktari wa pale mjini. Sisi tunaokumbuka Aprili 1993, ndege ya timu ya taifa ya Zambia ilipoanguka baharini Gabon, hatuhitaji kuelezwa msiba wa namna hiyo.

Wapo waliotaka timu ivunjwe moja kwa moja. Uchungu wao nauelewa, ila mimi niko upande wa waliokataa, wanachuo wakiwa mstari wa mbele.

Kazi ikawa kupata watu. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, hazikumruhusu mwanachuo wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowaacha hai vijana wa mwaka wa kwanza wa 1970, kwa kuwa hawakusafiri. Hao, pamoja na wachache waliokuwa wamebaki kwa majeraha, kama Nate Ruffin, ndio waliokuwepo. Hawakutosha. Marshall wakaomba waruhusiwe kuwachezesha vijana waliotoka tu sekondari, na NCAA ikakubali. Bila ruhusa ile, hakuna msimu wa kuzungumzia leo.

Makocha, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Jack Lengyel, kocha mkuu mpya, alikuja kutoka chuo kidogo cha Wooster, Ohio. Red Dawson, kocha msaidizi ambaye siku ya ajali alikuwa barabarani kwa gari akisaka wachezaji, alikubali kumsaidia kwa mwaka mmoja. Lengyel alipoona vijana wake hawana miili wala uzoefu, alikwenda kwa Bobby Bowden, kocha wa Chuo Kikuu cha West Virginia, chuo kikubwa cha jimbo lilelile, akajifunza mfumo uitwao veer. Mpangaji wa mashambulizi, yaani mchezaji anayeanza na mpira mikononi, anamtazama mlinzi mmoja aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa: akimfuata huyu, mpira unakwenda kwa yule. Mfumo huo hautegemei ubavu. Unategemea macho na uamuzi wa haraka. Na Bowden alimfundisha bila kumficha kitu. Mwalimu anayempa mwenzake silaha namna hiyo, mimi namvulia kofia.

Mechi ya kwanza walifungwa 29 kwa 6 na Morehead State. Tarehe 25 Septemba wakacheza nyumbani, uwanja wa Fairfield, dhidi ya Xavier. Sekunde za mwisho Xavier wanaongoza 13 kwa 9, na Marshall wamebakiza yadi 13 kufika mstari wa kufungia, ambako kuingia ni pointi sita. Reggie Oliver, mpangaji wa mashambulizi wa Marshall, akachukua mpira, akakimbilia kulia, walinzi wakamfuata. Ghafla akautupa kushoto kwa Terry Gardner, kijana wa mwaka wa kwanza. Mwenzao Jack Crabtree akamzuia mlinzi aliyekuwa njiani, Gardner akaingia. 15 kwa 13, na saa imeisha! Mashabiki walimiminika uwanjani.

Baadaye waliwafunga Bowling Green 12 kwa 10, basi. Lengyel aliondoka baada ya misimu minne akiwa na ushindi 9 na vipigo 33, na Marshall haikupata msimu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo hadi 1984. Lakini 1996 timu hiyohiyo ilicheza mechi 15 bila kufungwa, ikatwaa ubingwa wa daraja lake.

Sasa niwarudishe kwetu. Katika mashindano yetu ya vyuo, timu ikipatwa na msiba katikati ya msimu, kanuni zetu zinasema nini juu ya usajili wa wachezaji? Ningependa maswali yaanzie hapo. Karibuni.