Kisima Kwanza, Periplus Baadaye

Mhadhara kwa walimu wa historia na wanafunzi wa uzamili, Bagamoyo

Assalaam alaykum. Na habari za mchana kwa wote.

Mwenyekiti ameniandikia mada kwenye karatasi: jinsi ya kupeleka makala kwenye majarida ya kitaaluma ya historia ya kale na zama za kati. Nimeipokea. Walionisikia Dar es Salaam na Unguja watanivumilia, maana nitasema yaleyale. Nitaacha kuyasema siku nitakayoletewa makala ya pwani hii ya kuipitia, nikafungua ukurasa wa kwanza, nisimkute Mgiriki.

Mnacheka. Haya, nani humu ndani ana rasimu inayoanza na Periplus, kile kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa mabaharia? Nyosheni mikono, hamfungwi. Naam. Shusheni, inatosha.

Njia ya makala hizi naijua kama njia ya nyumbani. Tunaanza karne ya kwanza na baharia asiyejulikana jina, tunapewa Rhapta, ile bandari ya kale ya pwani hii, vyombo vya kushonwa, pembe za ndovu na magamba ya kasa. Anafuata Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya pili. Halafu tunaruka miaka zaidi ya elfu moja bila kuvuta pumzi, tunatua Kilwa na Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, mwaka 1331. Tunasomewa Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha habari za masultani wake. Tunampokea Vasco da Gama mwaka 1498. Msomaji kameza kurasa kumi, na mwandishi mwenyewe bado hajafika kwenye eneo lake la utafiti.

Sasa mhariri anayesoma haya ni nani? Ni mtu ambaye Periplus anayo kabatini. Sura zinazoihusu Azania, jina walilotumia Wagiriki kwa pwani hii, ni ya 15 hadi ya 18, habari ya kurasa mbili hivi, unaimaliza chai ikiwa bado ya moto. Schoff aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1912, Casson akaitoa upya mwaka 1989 na Kigiriki chake pembeni. Nakala kuu ya mkono, ya karne ya 10, iko Heidelberg, Ujerumani. Wewe hukwenda Heidelberg. Kigiriki hukisomi. Basi una jipya gani la kumwambia mhariri kuhusu Periplus? Huna. Na la kwako, lile ambalo hakuna mtu mwingine duniani analo, umelifungia chumba cha nyuma.

Ngojeni niwape kisa cha kisima. Ndiyo, kile kile.

Kijana mmoja, leo ana cheo chake kwa hiyo jina silitaji, alikuwa akisoma shahada ya uzamili. Shambani kwa mjomba wake, kusini mwa hapa, njia ya Mbegani, wakachimba kisima. Wachimbaji walipopita kimo cha mtu wakaanza kutoa vigae. Kijana akawasimamisha. Mjomba akafoka, maji yanahitajika, lakini akamsimamisha na mjomba pia. Akatoa taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale, wa serikali. Walipomruhusu akashuka na futi kamba na mwiko wa fundi mwashi, akakwangua ukuta wa kisima mpaka ukasomeka, akachora matabaka yote kwenye karatasi ya grafu, kuanzia udongo mweusi wa juu hadi mchanga mweupe wa chini. Katikati palikuwa na tabaka la makombe na majivu, unene wake shubiri moja. Chini ya tabaka hilo, vigae vya vyungu vyenye ile michoro ya pembetatu mnayoijua, ya milenia ya kwanza. Juu yake, kipande kimoja cha kauri ya kijani ya Kichina. Na ndani ya makombe yale, mkaa.

Niambieni, hiyo si makala? Hiyo ni makala imelala chini inasubiri kuokotwa.

Akaandika. Ukurasa wa kwanza, Periplus. Wa tatu, Ptolemy. Nisiwachoshe. Kisima kilijitokeza ukurasa wa kumi na tisa, baada ya Wajerumani. Nasema baada ya Wajerumani! Alipita Kilwa, akapita kwa Wareno, kwa Waomani, akafuata misafara ya Unyamwezi, akamsalimia gavana wa Kijerumani, ndipo akarudi kinyumenyume hadi milenia ya kwanza. Na ule mchoro wa matabaka, alioutoa jasho ndani ya shimo, aliuweka kwenye kiambatisho, umepunguzwa hadi tarakimu hazisomeki.

Jarida lilimrudishia haraka. Hata kwa wahakiki, wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, haikufika. Barua ilikuwa ya mistari miwili: mchango mpya hauonekani. Kijana akaja kwangu kanuna, ananiambia, mwalimu, wanatubagua. Nikamwambia ubaguzi upo, sibishi, nimeuona. Ila huyu mhariri hakukibagua kisima chako, maana hakukiona. Wewe ndiye uliyekificha.

Tukakaa tukakata. Sentensi ya kwanza ya makala mpya ilisema ukuta wa kisima kilichochimbwa karibu na Mbegani unaonyesha matabaka matatu ya makazi. Ya pili ikasema mkaa wa tabaka la kati umepimwa umri maabara, ikataja matokeo. Ya tatu ikasema hilo linabadilisha nini katika tunavyoielewa Kaole, yale magofu ya jirani. Mchoro ukapewa ukurasa mzima. Periplus ikashushwa kwenye tanbihi, na mimi nilitaka itoke hata huko. Jarida jingine likaipokea, likaomba marekebisho, likaichapisha.

Sheikh wangu pale nyuma unatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, huulizwa kila nikipita: wageni hawaijui pwani yetu, tusipowapa usuli watapotea. Wapeni ramani. Wapeni aya moja. Anayesoma jarida la akiolojia ya Afrika hahitaji kufundishwa kwamba kulikuwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Na kama jarida ni la jumla, tuseme *Speculum* la Wamarekani, lililoanza mwaka 1926 na kushughulikia takriban mwaka 500 hadi 1500, hapo ongeza aya ya pili. Usiongeze kurasa kumi.

Lipo pingamizi jingine, na hili lina uchungu ndani yake: lazima tuonyeshe kwamba na sisi ni wa kale, tunatajwa vitabuni. Sikilizeni. Periplus haikuitaja Bagamoyo. Ibn Battuta anasema alilala usiku mmoja Mombasa kisha akaendelea hadi Kilwa. Kuhusu hapa kwetu hakuandika neno. Hata Rhapta yenyewe, wengine wameiweka Pangani, Profesa Chami, mwanaakiolojia, ameisogeza delta ya Rufiji, na mjadala haujafungwa. Ukale wetu ukitegemea Mgiriki apite aturushie jina, tumekwisha. Uko ardhini, chini ya miguu ya mbuzi. Uchimbueni.

Ndiyo maana wale wa Kaole nina ugomvi nao zaidi kuliko wengine. Mwongoza wageni pale magofuni atakuambia msikiti ni wa karne ya 13. Yeye yuko kazini, ana watalii na jua kali, simlaumu. Wewe unayeandikia jarida ukirudia sentensi hiyohiyo bila chanzo, nakulaumu. Mwanaakiolojia Chittick alichimba pale mwaka 1958. Itafute ripoti yake, uisome, useme alisimama juu ya ushahidi gani: ni jengo, ni kigae, kigae hicho kilitoka juu ya sakafu au chini yake? Halafu useme unakubaliana naye au unampinga, na kwa nini. Hapo mhariri ataketi vizuri kitini.

Na hizi bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya pwani yetu. Kila mtu anaandika: bakuli ni la karne ya 14, kwa hiyo kaburi ni la karne ya 14. Nani kakwambia? Nyumba ngapi hapa Bagamoyo zina sahani ya bibi kabatini hailiwi mpaka Idi? Bakuli linaweza kukaa ndani vizazi vitatu ndipo likapachikwe kaburini. Kauri inakuambia kaburi haliwezi kuwa la kale kuliko bakuli. Basi. Lilijengwa lini hasa, kauri haikuambii. Mhakiki yeyote mwenye macho atakunasa hapo, na akikunasa hapo hatakuamini tena kwenye kurasa zinazofuata.

Tarehe za mkaa ni hivyohivyo. Maabara inakupa idadi ya miaka kabla ya sasa, na hiyo sasa yao ni mwaka 1950, si mwaka uliopokea barua pepe. Toeni namba ya maabara, matokeo ghafi na kiasi cha kuongeza au kupunguza, kisha matokeo yaliyorekebishwa kuwa miaka ya kalenda, na mtaje jedwali la kurekebishia. Kwa sasa kuna IntCal20 ya nusu ya kaskazini ya dunia, SHCal20 ya nusu ya kusini, na Marine20 kwa vitu vya baharini kama makombe. Sisi tuko kusini mwa ikweta lakini kaskazi hutuletea hewa ya huko juu, ndiyo maana wengine huchanganya jedwali la kaskazini na la kusini. Changanya au usichanganye, lakini sema. Na useme mkaa ulikuwa wa mti gani kama unajua. Mkaa wa moyo wa gogo kubwa unaweza kukupa umri wa mti badala ya umri wa moto.

Tarehe za Hijria, haraka. Mwaka wa Hijria kwa kawaida hupanda juu ya miaka miwili ya Miladia. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria. Mwaka huo ulianza 1106 ukaisha 1107. Kwa kuwa mwezi umetajwa, Dhul-Qaada, tunajua ni 1107. Kama mwezi haukutajwa, andika miaka yote miwili na mkwaju katikati, usijichagulie unaoupenda.

Tarehe ya Kilwa nayo, mtu anaandika tu inasema. Ipi? Kuna muhtasari aliouweka mwanahistoria Mreno João de Barros katika kitabu cha mwaka 1552, na kuna ya Kiarabu iliyoko London, nakala iliyoandikwa karne ya 19. Hazilingani. Taja uliyotumia.

Na wazee wetu. Naona makala imejaa inasemekana. Inasemekana na nani? Mzee kakukalisha barazani kwake asubuhi nzima, kakupa kahawa, kakupa nasaba yake mpaka kwa aliyezikwa pale kwenye nguzo, halafu wewe unampa neno moja, inasemekana, wakati Mzungu aliyepita siku mbili unamwandikia jina, mwaka na ukurasa. Mwombe mzee ruhusa, andika jina lake, mtaa, tarehe ya mazungumzo. Akikataa jina lake lisitajwe, sema hivyo. Hili lingestahili mhadhara wake, na mwenyekiti anajua nimeliomba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakimbia.

Kuchagua jarida: someni matoleo yake ya karibuni kabla ya kutuma. *Azania* liko tangu 1966, linapokea akiolojia ya Afrika. Mkitaka kuandika Kiswahili, mambo ya miswada, tenzi na utamaduni yana *Mulika* na *Kiswahili* za TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na lipo *Swahili Forum* la Ujerumani. Makala moja, jarida moja kwa wakati mmoja. Ukituma mawili ukagundulika, milango yote miwili inafungwa. Jarida linalokuandikia barua ya kukusifu na kukuahidi kuchapisha wiki ijayo ukilipa, futa. Majarida ya kweli yapo yanayotoza, lakini mengi husamehe waandishi wa nchi kama yetu. Ulizeni kabla ya kutuma, msiulize baada ya kupokea ankara.

Kuficha jina, ili mhakiki asijue makala ni ya nani: kulifuta juu ya makala hakutoshi. Lipo kwenye taarifa za faili, lipo kwenye shukrani, lipo kwenye ile sentensi ya kama nilivyothibitisha katika tasnifu yangu.

Vibali: COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa utafiti, leseni ya Mambo ya Kale kwa uchimbaji, sheria ni ya mwaka 1964. Wahariri siku hizi wanauliza namba. Na sarafu uliyouziwa na mtu ufukweni, isiyojulikana ilikotoka, usiijengee hoja. Hata ikiwa nzuri. Hasa ikiwa nzuri.

Wahakiki wakikujibu, usijibu siku hiyohiyo. Chukua kila hoja yao, andika chini yake ulichobadilisha na ukurasa gani. Mhakiki akikosea, mwambie kakosea, kwa ushahidi na kwa adabu. Wapo waliokubali kila kitu mpaka makala ikawa ya mhakiki.

Picha nilikuwa na mengi, sasa nina hili tu: wekeni kipimo pembeni. Kalamu si kipimo, kandambili si kipimo.

Rasimu mlizokuja nazo ziacheni kwa katibu, mezani pale mlangoni, kila mtu ukurasa wa kwanza tu. Wa pili sitausoma.