Kumbukumbu Hii ni ya Nani? Usasabaadaye na Skrini za Leo

Mabibi na mabwana, wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nianze na mwanamke aliyeshika picha. Katika Blade Runner, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1982, Rachael anamfuata Deckard, askari anayewawinda binadamu bandia, hadi nyumbani kwake na picha ya utotoni, yeye na mama yake. Ameileta iwe ushahidi kwamba yeye ni binadamu. Deckard anaanza kumsimulia habari za buibui aliyejenga utando nje ya dirisha, majira yote ya joto, hadi yai lake lilipopasuka na watoto wakamla mama yao. Rachael hajawahi kumwambia mtu habari hizo. Deckard anazijua kwa sababu si za Rachael: ni kumbukumbu za mpwa wa Tyrell, bwana mwenye kampuni iliyomtengeneza Rachael, zimepandikizwa kichwani mwa Rachael. Picha ipo, mama yumo, mtoto yumo. Anayeililia picha hiyo ndiye hakuwapo.

Kila mwanafunzi anaponiuliza nadharia ya usasabaadaye (postmodernism), ile inayotilia shaka simulizi na picha zinazodai kuwa ukweli wenyewe, ina faida gani kwa mtu anayetazama filamu, namrudisha kwenye onyesho hilo. Nadharia hii, ikitumiwa vizuri, inatufundisha kuuliza: kumbukumbu hii ni ya nani?

Nasema "ikitumiwa vizuri" kwa sababu inaniuma kuona inavyotumiwa mara nyingi. Mhakiki anapewa filamu, anaanza kutafuta dalili. Wakati umevurugwa? Ndiyo. Mhusika anaongea na kamera? Ndiyo. Kuna mwingilianomatini, yaani kazi moja kurejelea nyingine? Upo. Basi anaandika kwamba filamu hii ni ya kiusasabaadaye, kazi imekwisha. Lakini tumejua nini ambacho hatukukijua kabla? Mbinu hizo zenyewe hazina tena ugeni wowote. Siku hizi hata tangazo la sabuni linacheka na mtazamaji na kumkumbusha kwamba ni tangazo. Kuzihesabu hakutuambii kitu kuhusu kinachofanywa nazo.

Kosa hilohilo linafanywa na wanaomtumia Lyotard, mwanafalsafa Mfaransa. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, ambacho kilianza kama ripoti kwa baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, alieleza usasabaadaye kuwa ni kutoyaamini tena masimulizi makuu, yale yanayodai kueleza historia nzima inaelekea wapi. Sasa ikitokea filamu ya mashujaa yenye ulimwengu kumi sambamba, mtu anasema: tazameni, masimulizi makuu yamevunjika. Hayajavunjika. Shujaa bado anaokoa vyote, na bado wema una jeshi lake na uovu una lake. Kuzidisha idadi ya ulimwengu si kuacha kuamini simulizi moja. Sitakaa zaidi hapo.

Nataka tukae na Fredric Jameson, mhakiki wa Kimarekani. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1984 alizungumzia aina ya filamu aliyoiona ikienea, tuite filamu za shauku ya kale. Mifano yake ilikuwa American Graffiti ya 1973 na Body Heat ya 1981. Hoja yake ni kwamba filamu hizi hazituletei historia. Zinatuletea mwonekano wa zamani: rangi, magari, mitindo ya nywele, mng'ao wa picha. Akatofautisha pia parodia na uigaji mtupu. Parodia huiga ili iseme neno juu ya kile inachokiiga. Uigaji mtupu huvaa sauti ya mtu aliyekufa bila kuwa na neno la kusema.

Hebu tuichukue hoja hiyo tuipeleke kwa Stranger Things, tamthiliya ya televisheni. Nina mapenzi na tamthiliya hii, ndiyo maana nataka kuihoji. Msimu wa kwanza ulitoka mwaka 2016, na hadithi yake inaanza Novemba 1983. Waasisi wake, mapacha Matt na Ross Duffer, walizaliwa Februari 1984. Hawakuwa wamezaliwa! Na tazameni kilichomo: watoto juu ya baiskeli wakimficha kiumbe wa ajabu asikamatwe na watu wa serikali, kama katika E.T. ya Spielberg. Herufi za jina la tamthiliya zinafanana na zile za majalada ya riwaya za Stephen King. Muziki ni wa vinanda vya kielektroniki vinavyotukumbusha filamu za John Carpenter. Mama wa mtoto aliyepotea anaigizwa na Winona Ryder, ambaye uso wake wenyewe ni kumbukumbu ya sinema za mwishoni mwa miaka ya themanini. Kinachokumbukwa hapa si mwaka 1983. Ni rafu ya kanda za video.

Lakini tusiishie kusema hivyo, maana hata mtoto anaweza kuliona. Tuulize nini kimeachwa nje. Novemba hiyohiyo ya 1983 Marekani ilianza kupeleka makombora mapya ya nyuklia Ujerumani Magharibi. Tarehe 20 ya mwezi huo televisheni ya ABC ilirusha The Day After, filamu inayoonyesha miji ya Marekani ikiteketea kwa mabomu, na watu wapatao milioni 100 waliitazama. Hiyo ndiyo jioni iliyowatikisa watu wa wakati ule sebuleni kwao. Katika tamthiliya, hofu hiyo imekuwa zimwi lenye mdomo unaochanua kama ua, linaloingia kupitia ufa uliofunguliwa ndani ya maabara ya serikali. Hofu haikufutwa, imevishwa mavazi ya filamu nyingine. Hapo Jameson anatusaidia sana, kwa sababu anatuonyesha ni wapi historia imegeuzwa kuwa mtindo, na anatulazimisha kuuliza kama kuna kilichobaki chini ya mtindo huo. Mimi naona kimebaki. Maabara ile inayowaficha wananchi jambo la hatari ina ukweli wa 1983 kuliko baiskeli zote.

Linda Hutcheon, mhakiki wa Kanada, alimpinga Jameson kwa njia inayokaribia hii. Kwake, kazi inaweza kushiriki katika jambo na kulikosoa papo hapo, na kuiga si lazima kuwe kutupu. Naegemea upande wake, na nina sababu moja ambayo hakuna kati yao aliyeweza kuijua wakati ule. Mwaka 2022, katika msimu wa nne wa Stranger Things, msichana Max anaokolewa kutoka kwa zimwi na wimbo anaoupenda, wimbo wa Kate Bush wa mwaka 1985. Juni mwaka huo wimbo ule ulifika namba moja Uingereza, miaka 37 baada ya kutoka. Ulipotoka mara ya kwanza uliishia namba tatu. Ni nani waliousikiliza? Wamo waliokuwa vijana mwaka 1985, bila shaka, lakini wamo pia watoto wa miaka kumi na tano. Kwao haikuwa shauku ya kale, kwa sababu hawakuwa na kale ya kuililia. Uliwafikia kama wimbo mpya, wakati wanahitaji kuambiwa kwamba huzuni haimmezi mtu. Nadharia inayosema tu kwamba hiki ni kivuli cha kivuli haina la kumwambia msichana huyo aliyevaa spika masikioni.

Sasa Baudrillard, mwanafalsafa mwingine Mfaransa. Wengi wanamjua kupitia filamu ya The Matrix, ambamo mhusika mkuu, Neo, anaficha vitu vyake ndani ya kitabu cha Baudrillard kilichotobolewa katikati. Yeye mwenyewe hakupendezwa na filamu hiyo. Mimi napenda zaidi sehemu ya kitabu hichohicho anapozungumzia televisheni ya kawaida kabisa. Mwaka 1971 kamera ziliingia nyumbani kwa familia moja ya California na kukaa humo miezi saba. Matokeo yake, An American Family, yalirushwa mwaka 1973 katika sehemu 12. Ndani ya picha hizo ndoa ilivunjika. Mke alimwambia mume aondoke, kamera ikiona. Baudrillard akalihoji dai la mtayarishaji, kwamba familia iliishi kama vile wapiga picha hawapo. Akauliza: tutajuaje kilichotokea kingetokea bila kamera? Swali hilo haliwezi kujibiwa tena, kwa sababu hakuna mahali palipobaki pa kusimama nje ya kamera. Vipindi vyote vya maisha halisi tunavyovitazama leo vimejengwa juu ya swali hilo, na sasa kila mwenye simu amekuwa familia na mpiga picha kwa pamoja.

Nifike kwenye kazi niliyotaka kuifikia tangu mwanzo, WandaVision, tamthiliya ya televisheni ya mwaka 2021. Wanda, mwanamke mwenye nguvu za kichawi, amefiwa na mpenzi wake. Kwa uchungu anaugeuza mji mzima kuwa vichekesho vya familia vya televisheni: sehemu ya kwanza ni ya miaka ya hamsini, rangi nyeusi na nyeupe, vicheko vya watazamaji, kisha miaka ya sitini, sabini, inasonga hivyo. Mhakiki wa dalili atajaza daftari zima hapa. Ila katika sehemu ya nane tunajua sababu. Utotoni, katika nchi yenye vita, Wanda na familia yake walikaa pamoja kutazama vichekesho vya Kimarekani, na bomu lililoua wazazi wake lilianguka usiku wa kipindi kama hicho. Kwake vichekesho vile havikuwa mtindo. Vilikuwa nyumba.

Kisha, mwishoni, wakazi wa mji wanaachiliwa kidogo, wanasema. Wanapolala, wanaota jinamizi zake yeye. Mama mmoja anamwomba kwamba ana binti wa miaka minane, labda apewe nafasi ya kucheza na watoto wa Wanda, au atolewe tu chumbani mwake ili amkumbatie. Sijaona filamu wala tamthiliya nyingine iliyoichukua hoja ya Jameson na kuipa mwili hivi. Kumbukumbu ya mtu mmoja, iliyotengenezwa na televisheni, imepandikizwa katika vichwa vya mji mzima, na inaumiza. Na uchungu wa Wanda pia ni wa kweli. Yote mawili yamo katika picha moja, wala sioni sababu ya kuchagua.

Turudi kwa Rachael. Baadaye katika filamu, Deckard amelala, Rachael anaketi kwenye piano iliyojaa picha za zamani za watu wengine. Anafungua nywele zake, anacheza. Anapoamka Deckard, Rachael anamwambia kwamba hakujua kama anaweza kucheza. Anakumbuka masomo, ila hajui kama aliyesoma ni yeye au ni mpwa wa Tyrell. Deckard hamjibu swali hilo. Anamwambia kwamba anacheza vizuri sana.