Tenki Tupu Ndilo la Kuogopa

Mhadhara kwa mafundi na madereva wa pikipiki, Uyole, Mbeya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Mwenyekiti, nashukuru kwa kunipa nafasi tena, ndaga fijo.

Leo sizungumzii Boxer wala TVS zenu za biashara. Zile tenki lake ni bati. Nazungumzia pikipiki za tenki la plastiki: baadhi ya Honda XR, KTM za wageni wanaopita hapa kwenda Kasumulu au Tunduma, na yale matenki makubwa ya kufunga baadaye, kama Acerbis, ambayo watu wa safari ndefu wanayapenda. Kama huna uhakika, chukua sumaku ya spika mbovu uiweke juu. Ikinata ni bati. Ila toa kwanza makava, kwa sababu siku hizi tenki la bati nalo linavalishwa plastiki.

Wengi wenu mnajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu juzi nimepita kwenye gereji moja, sitaitaja, nikamkuta kijana amelibana tenki la plastiki katikati ya magoti, ufa umetazama juu, na msumari wa kuyeyushia plastiki ili azibe ufa huo uko kwenye jiko la mkaa unapata moto. Jiko lenyewe liko hatua mbili tu. Nikamuuliza, hilo tenki umeliosha? Akanijibu, "Mzee, limekaa tupu tangu jana, limeshakauka." Nikamwambia simama, toka hapo, zima jiko. Akanitazama kama vile nimemtukana.

Limeshakauka! Hilo neno ndilo linalotuchomea vijana.

Petroli ikiwa maji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na mchanganyiko huo una kipimo. Mvuke ukiwa chini ya kama asilimia 1.4, hauwaki. Ukizidi kama asilimia 7.6, hauwaki pia, maana hewa haitoshi. Hapo katikati ndipo unapolipuka. Sasa nifuateni. Ndani ya tenki lenye mafuta, nafasi iliyobaki juu imejaa mvuke mzito, hewa ni kidogo. Ukimwaga mafuta, hewa inaingia, mvuke unabaki. Umeliingiza tenki kwenye kile kipimo kwa mikono yako mwenyewe, halafu unalisogezea msumari wa moto. Sisemi mkachomelee tenki lenye mafuta, nisije nikasikia kesho kwamba mwalimu kasema. Nasema tenki lililomwagwa bado halijawa salama.

Na mvuke wa kulipua tenki si mwingi. Tenki la lita 12, kijiko cha chai kisichojaa kinatosha na kinabaki. Kijiko cha chai! Kiasi hicho kinajificha kwenye kona ya tenki, kwenye mikunjo ya mfuniko, kwenye chujio la koki.

Najua kuna atakayesema, mimi naligeuza, nalikung'uta, nalianika juani siku nzima. Ndugu yangu, plastiki inakunywa petroli. Polietilini, ambayo ndiyo matenki mengi ya aina hii yametengenezwa nayo, inafyonza mafuta ndani ya ukuta wake, kama kitambaa cha deki kilichokamuliwa: ukikishika kikavu, ukikiweka kidogo kinatoa maji tena. Mmeshaona stika kwenye tenki la plastiki inavyofanya malengelenge? Ni mvuke wa petroli umepenya ukuta mzima na kuibandua stika kwa nyuma. Ukuta huohuo unaendelea kurudisha mvuke ndani ya tenki siku baada ya siku. Jaribu mwenyewe: osha tenki mpaka usisikie harufu, lifunge mfuniko na tundu la koki, liache usiku kucha. Asubuhi fungua, weka pua. Ukisikia petroli, hilo tenki haliguswi na moto. Na usiposikia usijipe ruhusa, maana pua ikikaa gerejini inazoea.

Mwingine atasema, mwalimu, hayo ni ya Kyela na Dar es Salaam kwenye joto, sisi huku ni baridi. Nimeulizwa hivyo Makete, nimeulizwa hivyo Njombe. Petroli inatoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kitulo mwezi wa saba, asubuhi majani yana barafu, petroli bado inatoa mvuke wa kuwaka. Baridi yetu haijawahi kumwokoa fundi yeyote.

Halafu mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne. Haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatambaa sakafuni, unafuata mteremko, na gereji zetu nyingi upande wa chini kuna mama lishe na jiko lake. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika mahali pa wazi, yakashika moto, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Ilikuwa nje kabisa, hakuna kuta wala paa. Kwa hiyo fundi asiniambie "mimi nachomelea nje".

Basi tunafanyaje? Mimina mafuta yote kwenye dumu, lifunge, lipeleke mbali. Toa koki, toa mfuniko. Mwaga maji ya moto yenye sabuni nyingi ya unga, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke bila harufu. Liache wazi mahali penye upepo, na siku moja haitoshi. Ukiliharakisha, hata usipoungua kazi itaharibika, kwa sababu plastiki yenye petroli ndani haishikani vizuri. Ukifika siku ya kuchomelea, ziba tundu la koki, lilaze tenki ufa uwe ndio sehemu ya juu kabisa, ujaze maji mpaka yabaki chini kidogo ya ufa. Mvuke unahitaji nafasi, na wewe umeijaza maji. Hiyo ndiyo siri yote, na maji hayauzwi dukani. Wapo wanaoona aibu mteja akikuta tenki lake limejaa maji. Mteja akiuliza, mweleze. Akichukia, mwache aende.

Nimetumia muda mwingi hapo na sijutii. Haya mengine nayakimbiza.

Kabla ya kuchomelea, jua ni plastiki gani. Geuza tenki, tafuta maandishi chini: PE au HDPE, wakati mwingine namba 2 kwenye pembetatu, PA ni nailoni. Yakiwa yamefutika, kwangua kipande kidogo ukitie kwenye maji: polietilini inaelea, nailoni inazama. Ukiunguza kipande hicho mbali na gereji, polietilini inanuka mshumaa, nailoni inanuka nywele zilizoungua. Ipo pia polietilini iliyoungwa molekuli zake kwa kemikali, na baadhi ya matenki ya kufunga baadaye yametengenezwa nayo. Ukiigusa kwa moto haitiririki, inakuwa ngumu kama mpira na kuungua. Hiyo haichomelewi ikakaa. Mwambie mteja ukweli, atafute tenki jingine.

Polietilini ya kawaida inakubali. Toboa tundu dogo, kama milimita tatu, kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Chimba mfereji juu ya ufa, usitoboe mpaka ndani. Tumia pasi ya kulehemu ya mafundi redio, achana na msumari, maana msumari leo umepoa kesho umeunguza. Plastiki ya kujazia ikate kwenye dumu la njano la mafuta ya kula, lile la lita 20, liwe safi. Ni jamii moja na tenki. Usichukue ndoo! Ndoo nyingi ni plastiki nyingine. Itayeyuka, itapendeza, na ukipita rasta mbili inabanduka kama gamba. Yeyusha tenki na kijazio kwa pamoja, viungane. Ukimaliza usipoze kwa maji, acha ipoe yenyewe. Jaribu kwa maji kwanza, halafu ndiyo petroli.

Gundi? Supa gluu na zile gundi za chupa mbili haziishiki polietilini. Zinakaa juu tu. Silikoni petroli inaivimbisha mpaka inang'oka. Ukipasukiwa njiani, tuseme umeanguka kwenye kona za Hamsini na Saba ukipanda Matamba, chukua mche wa sabuni, sugua kwenye ufa kwa nguvu mpaka sabuni iingie. Petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha nyumbani, lakini si tiba, na ufa ukiwa karibu na koki matone yanadondokea injini ya moto. Hapo usiwashe. Sukuma.

Mwenyekiti ananionyesha mkono. Dakika mbili.

Tenki halipasuki bure. Angalia raba za kukalia tenki: zikiliwa, plastiki inasuguana na fremu. Angalia boliti: fundi anakaza tenki la plastiki kama anakaza silinda hedi, na ufa unaanzia hapohapo kwenye tundu la boliti. Angalia mpira wa kupumulia kwenye mfuniko. Ukiziba kwa tope, ukashuka kutoka hapa, mita 1,700, mpaka Kyela kwenye mita 500, hewa ya nje inalikandamiza tenki, injini nayo inalinyonya, linabonyea. Ukipanda kurudi linavimba. Likifanya hivyo mwaka mzima litakatikia kwenye mshono. Puliza mpira huo kwa mdomo kila unapofanya sevisi, hewa ipite. Nilitaka kusema na jua na koki, muda umeisha.

Ndugu yangu wa pale nyuma aliyekuja na tenki lake la XR, usiondoke nalo. Tutaliosha sasa hivi pamoja, litabaki hapa wazi, na mwenyekiti atawapigia simu siku likiwa tayari. Atakayetaka kuja kutazama aje na kipande chake cha dumu la njano. Simu aiache mbali na meza, na sigara asije nayo kabisa.